Kompyuta Iliyoitwa Friji

Jumatatu, 3 Machi 1969. Marlborough, Massachusetts.
Miezi saba tangu nimwache bosi wangu, Ostrander. Alisema kompyuta ndogo ni mchezo wa watoto. Atanikoma! Kompyuta yangu, ndogo kama kabati la nguo, imekamilika, hapa ndani ya kiwanda cha viatu kilichofungwa. Niliichora mimi. Kuifanya iwake, hiyo ni kazi ya mhandisi wangu, Bi Verna Tibbetts, na mafundi wake watatu.

Jumatano, 5 Machi.
Ostrander ana masikio kila mahali. Nimepata hila! Nimemwambia mwenye jengo, Bi Gagnon, kwamba tunatengeneza friji. Verna kauliza kwa nini tusinyamaze tu. Maskini, hana kipaji cha siri.

Ijumaa, 7 Machi.
Balaa. Bi Gagnon kaja na akina mama sita wa kanisani. Wanataka friji kwa bei ya ujirani. Mmoja kaipapasa kompyuta ubavuni.
“Mbona ina joto, bwana? Friji hii au jiko?”
Nikasema ni ufundi mpya. Verna kageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Jumatatu, 10 Machi.
Siku ya kufa na kupona. Profesa Lindqvist wa maabara ya chuo kaja kuiona. Asiponunua, tunafunga. Nikabonyeza swichi kwa madaha. Kimya. Harufu, lakini. Nikafungua mlango wa kompyuta: samaki! Chewa mzima wa Kwaresima, kajilaza juu ya saketi, anachuruzika.
Bi Gagnon kachungulia. “Nilimweka humo tangu jana asiharibike. Friji yako mbovu, mwanangu!”
Nikatamani ardhi inimeze. Verna kamtoa samaki, kafuta, kabadilisha kadi mbili za saketi. Dakika kumi na moja, kompyuta ikaamka! Profesa, pua kaziba, kasema ya kwao ikiharibika husubiri fundi wiki mbili. Kaagiza nne.

Jumanne, 11 Machi.
Nimemweleza mwandishi wa gazeti kwamba samaki alikuwa jaribio langu. Verna kasoma gazeti la jioni, kalikunja taratibu.

Alhamisi, 13 Machi.
Verna kaleta mchoro wa kompyuta ya kukaa juu ya meza. Nimecheka hadi machozi! Nikamwelewesha kwa upole, kama baba: kompyuta yenye heshima haipungui kimo cha mtu. Kashukuru, kavaa koti, katoka na mafundi wote watatu. Wamekwenda kula, bila shaka. Wamebeba hata picha za familia zao kutoka mezani na vifaa vya kuchorea. Leo lazima kuna nyama nzuri mahali.