Viroboto Vyangu na Samaki wa Papa Lusenge

Siku ya kwanza ya juma, 3 mwezi wa tatu 2025

Mungu ameniangalia. Jana kisha misa, Papa Lusenge, baba ya Jemima, alisema mbele ya batu bote kwamba batoto ba samaki wake banakufa kwenye mabwawa yake ya kule bondeni. Unga banaukataa. Banataka chakula kidogo chenye uhai. Akasema mutu atakayemusaidia na samaki hao atakuwa mutoto wa nyumba. Aliniangalia mimi. Ao Éliakim, aliyesimama nyuma yangu. Mais zaidi mimi.

Éliakim anafundisha biologie na anatembea na thermomètre ya kupima joto mufukoni. Mutu wa namna hiyo amuoe Jemima? Hapana.

Chakula chenyewe ni kiroboto cha maji. Si kile cha imbwa. Hiki kinaogelea kwa kuruka-ruka, kidogo kama chembe ya chumvi. Leo nilishuka Beni kwa pikipiki. Karibu na kwa ndugu yangu Kadogo, madimbwi ya joto yamejaa viroboto. Nikajaza bidon, nikarudi huku kwetu Butembo kwenye baridi, nikiikumbatia njia yote.

Kuviweka wapi? Kwenye ndoo ya robinet, yenye bomba dogo chini, ya tantine Mariette, shangazi ninayekaa kwake. Ni ile ya kunawa mikono, iko mbele ya mulango tangu wakati wa Ebola. Nzuri sana, na kifuniko chake. Siku hizi nani ananawa tena?

Siku ya ine, 6 mwezi wa tatu

Havizai. Vinaruka polepole kama bazee banaopanda mulima.

Éliakim alieleza, bila kuulizwa, na Jemima akisikiliza. Eti kwa baridi kiroboto kinakomaa kwa kuchelewa. Kwa joto na chakula cha kutosha, kingekuwa tayari na bajukuu. Nikajibu kwamba vyangu vimelelewa vizuri, havina haraka ya mambo hayo.

Mangaribi nikasogeza ndoo karibu na jiko la makala, nikaifunika na blanketi yangu. Mimi nimelala na koti.

Siku ya posho, mwisho wa juma, 8 mwezi wa tatu

Papa Lusenge aliita vijana bamusaidie kutengeneza ukingo wa bwawa, mvua imeubomoa. Sikuenda. Nani angelinda viroboto? Kwa tope kila mutu anaweza kuingia. Kwa science, hapana.

Tantine alirudisha ndoo mbele ya mulango, kwa ajili ya wageni. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikiponda mkate wa kulisha viroboto. Kurudi, bamama ba chorale banasimama mulolongo, banacheka, banasema ni kama zamani. Bananawa mikono. Kwa viroboto vyangu! Mama mumoja akamuuliza tantine ni sabuni gani hii inayotembea.

Nilipiga magoti chini ya robinet na kichungio cha chai. Nikaokoa nusu. Bamama bakafikiri ninaomba, bakaniimbia.

Siku ya ine, 13 mwezi wa tatu

Sasa viko kwenye beseni ndogo, ndani ya chumba changu. Nimeviongezea mkate, maziwa, na foufou iliyobaki. Maji yananuka kidogo. Na viroboto vimekuwa vyekundu! Donc nimepata aina mpya. Viroboto vya nguvu, vya damu.

Nikampelekea Jemima kwa glasi. Éliakim alikuwa pale, kama kawaida ya batu basio na kazi. Akaangalia, akasema vimekuwa vyekundu juu pumzi imepunguka majini. Chakula kinaoza, na vimesongamana mno.

Nikamujibu kwamba hata mimi nikimuona Jemima pumzi inapunguka, na sijakuwa mwekundu. Jemima akacheka hadi akaweka chini sahani aliyokuwa anaosha. Siku hii ilikuwa yangu.

Siku ya ine, 20 mwezi wa tatu

Vimekufa vyote.

Juzi vingi vilikuwa na kitu cheusi mugongoni, kama tandiko la punda. Nikafurahi, nikafikiri ni mimba. Kumbe ugonjwa. Nikamwaga maji, nikaanika mabaki juu ya bati. Yamebaki mavumbi meusi kama pilipili manga.

Nikayaangalia sana. Kisha nikamukumbuka Éliakim. Ameweka beseni kubwa kwa Papa Lusenge, maji safi, juani, tayari kwa viroboto anavyongoja kutoka Beni. Ugonjwa wangu ungepata nyumba nzuri pale.

Nilienda mangaribi, nikamwaga mavumbi yote. Nilisikia haya mupaka kwenye kona ya barabara. Kisha nikasikia njaa.

Siku ya tano, 28 mwezi wa tatu

Beseni la Éliakim linachemka. Viroboto! Vidogo, vinaruka, haviwezi kuhesabika. Na vyake vya Beni havijafika hata.

Batu bote balikuwa pale. Éliakim akaokota tandiko moja tupu kwa ncha ya kidole, akaeleza. Maisha yakiwa mabaya, yaani baridi, njaa, musongamano, kiroboto kinaacha mayai ya kungoja, yamefungwa ndani ya tandiko. Yanavumilia kukauka. Yakipata maji safi na mwangaza, yanafunguka. Akasema hajui nani ameyaleta, labda ndege.

Papa Lusenge akavua kofia, akamushukuru Mungu kwa ndege huyo.

Ndege ni mimi! Mais kama ningesema ni yangu, bangeuliza niliyaleta kwa nini. Nikapiga makofi pamoja na bengine.

Siku ya posho, 5 mwezi wa ine

Samaki banakula, bananenepa. Jemima alikuja mwenyewe kuniambia: familia ya Éliakim italeta mbuzi ba mahari kisha Pasaka.

Nikasema ni juu ya viroboto tu. Akasema hapana. Baba yake, siku ile ya ukingo, alikuwa anatafuta mutu wa kusimama naye ndani ya tope. Éliakim alisimama kutwa, maji kiunoni. Akasema yeye mwenyewe aliniwekea sahani ya chakula siku ile, akaifunika, akaangalia njia mupaka jua likazama. Kisha akampa Éliakim.

Hakuwa na kasirani. Ingekuwa afazali angekuwa nayo. Nililia jikoni, kweli nililia. Tantine akafikiri ni moshi, akafungua dirisha.

Siku ya kwanza, 7 mwezi wa ine

Nimefikiri vizuri. Pasaka haijafika. Mbuzi bado bako kwa Éliakim, na mama ya Jemima hajasema neno. Mama ndiye mulango.

Tena mama huyo analalamika kuku zake hazitagi. Njaa, baridi, musongamano: mayai. Éliakim mwenyewe amesema, mbele ya mashahidi! Nikamuomba mama aniachie kuku kwa siku chache, akakubali. Jana mangaribi nimezifunga zote ndani ya kasha moja, nyuma ya nyumba upande wa upepo, pamoja na jogoo. Mahindi, hapana.

Asubuhi hii jogoo hakuwika. Ni alama nzuri.