Bei Inayosikiliza Ndege

Jumatatu, 7 Februari 2000

Magunia matatu ya chumvi. Ndiyo mali yetu yote. Mto umefungwa na vita, mashua za Kinshasa hazipandi tena mpaka Kisangani, chumvi inatufikia kwa ndege kutoka Goma ikiwa ghali tayari. Kavugho, mke wangu, amesema magunia haya yasipouzwa kwa faida kufikia Jumamosi, meza ya sokoni anaichukua yeye. Mimi nitaendesha toleka, nibebe watu kwa baiskeli pamoja na vijana. Nina miaka hamsini na mmoja. Magoti yangu yana zaidi.

Tatizo si chumvi. Tatizo ni Timothée. Meza yake inatazamana na yangu. Nikiandika kibaoni kopo faranga ishirini, anafuta kibao chake, anaandika kumi na nane. Nikishuka kumi na saba, anashuka kumi na sita. Jioni tunafunga wote kwa hasara, na bado hatusalimiani. Nimechoka kutazama kibao cha mtu mwingine kutwa nzima.

Nimepata wazo.

Jumanne, 8 Februari

Kanuni! Ukurasa mmoja. Nimeiandika kabla ya chai.

Kila muuza chumvi atasikiliza angani mpaka saa nne asubuhi. Tunaanzia faranga ishirini. Hakuna ndege ya mizigo: anaongeza tano. Ndege moja: bei haisogei. Ndege mbili: anapunguza tano. Hakuna mkutano, hakuna kuulizana. Kanuni inafikiri yenyewe, sisi tunatega masikio tu. Mwishoni nimeweka kipengele cha nidhamu: atakayeshusha bei peke yake, wenzake wote watauza kwa nusu mpaka atubu. Hicho nilikiandika kwa ajili ya Timothée.

Lakini nani ataheshimu karatasi tupu? Nilikwenda kwa fundi wa mihuri, akanichongea mmoja wa duara, maneno yote ya Kifaransa. Muhuri unasema mimi ni Mpanga Bei Mkuu wa Kisangani. Nikagonga nakala kumi na mbili, nikatia saini zote, nikapita meza kwa meza. Hakuna aliyekataa. Hata Timothée alipokea, mtu ambaye hapokei salamu. Aliutazama muhuri, akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfuko wa shati.

Jumatano, 9 Februari

Saa nne. Kimya angani. Nilifuta ishirini, nikaandika ishirini na tano. Nikainua macho. Kila kibao sokoni kilikuwa kinafutwa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Machozi yalinilengalenga, sifichi.

Odile, anayepika samaki karibu na bandari, alizunguka soko lote akarudi kwangu. Aliuliza kama tumezaliwa na mama mmoja. Nikamjibu kwamba bei inatoka juu. Alinunua nusu kopo, akaondoka akinung'unika.

Alhamisi, 10 Februari

Kimya. Thelathini. Inasemekana wanajeshi wanagombana huko uwanja wa ndege. Kanuni haiulizi sababu. Nimeuza makopo matatu.

Ijumaa, 11 Februari

Kimya. Thelathini na tano. Sijauza kitu. Hakuna aliyeuza. Wagenia, wavuvi wa mto huu, wanakausha samaki bila chumvi. Wateja wa Odile wanakula mchuzi wa maji na hawalalamiki, wamechoka kama mimi.

Mchana Kavugho alikuja, akasimama mbele ya magunia.

"Papa Benie, hii chumvi iko inaangaliwa tu. Shusha bei."

Nilimweleza kuhusu kipengele cha nidhamu. Nikishusha peke yangu, soko zima litashuka nusu na tutazama. Akauliza ni nani aliandika kipengele hicho. Nikamwambia hilo silo swali la kuuliza sasa. Akaipima meza kwa mikono yake, upana na urefu.

Naogopa. Si baiskeli ninayoiogopa. Naogopa kwamba ataweza kwa asubuhi moja kile nilichoshindwa kwa miaka ishirini.

Jumamosi, 12 Februari

Odile amemleta mkaguzi wa bei. Papa Léon, tai imechakaa, hajaona mshahara tangu kabla ya vita, lakini bado anatembea na sheria ndani ya mfuko wa plastiki. Alitukusanya. Akasema sheria inakataza wafanyabiashara kupatana bei nyuma ya mgongo wa mnunuzi. Akauliza tulikutana wapi. Tukaapa kwamba hatukukutana. Ni kweli. Akauliza basi vibao vinabadilikaje saa ileile, bei ileile. Wote tukaonyesha mbinguni.

Alifikiri sana. Akatoa kalamu.

"Bon. Kama iko ndege, alors nitaandika ndege. Sheria haijue kukamata ndege."

Akaanza kufunga mfuko wake. Tumepona. Hapo ndipo Timothée alipowaambia watu, kwa unyenyekevu mwingi, kwamba hilo la kusikiliza ndege ni wazo lake la siku nyingi.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilisema ni langu. Papa Léon aliniomba nikae, kesi imekwisha. Nikatoa karatasi. Nikaonyesha saini. Nikaonyesha muhuri. Nikawataka wenzangu walete nakala zao kuthibitisha, nao walizileta haraka, kwa furaha ambayo sikuitegemea.

Papa Léon alivaa miwani, akasoma mara mbili. Alisema ana miaka ishirini na miwili kazini na hajawahi kupewa ushahidi safi namna hii. Kwa kawaida wakosaji hawagongi muhuri. Wenzangu aliwaonya tu: wametii muhuri, na raia halaumiwi kwa hilo. Mimi akanihukumu: chumvi yangu iuzwe yote pale pale, kopo faranga kumi na sita. Mstari ulifika barabarani. Saa kumi magunia yalikuwa matupu. Odile alichukua makopo manne, akanishukuru, na alimaanisha.

Jumatatu, 14 Februari

Kavugho yuko mezani. Ameuza vitenge vyake viwili vizuri, akapata gunia moja la chumvi. Hana kanuni. Anamtazama mtu usoni, anataja bei, anauza. Timothée amemsalimia. Hilo limeniuma kuliko magoti.

Nimeendesha toleka tangu asubuhi. Odile alikuwa abiria wangu wa pili. Alinilipa, akaniambia pole.

Pale bandarini waendesha toleka wananyang'anyana abiria kwa kushushiana nauli. Huyu kumi, yule nane, yule sita. Aibu tupu. Na wote wanasikia mvua sawasawa. Ikinyesha kabla ya saa mbili, nauli inapanda. Ukurasa mmoja unatosha. Muhuri ninao bado. Papa Léon alinirudishia, alisema kuwa nao si kosa.

Nimechunguza kwa makini nilikosea wapi siku ya Jumamosi. Jambo liko wazi. Muhuri ulikuwa mdogo mno, hata ikabidi Papa Léon avae miwani kukisoma cheo changu. Fundi amesema mkubwa utakuwa tayari Alhamisi.