Koti la Norwe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mgeni ameingia! Anaitwa Marit, anatoka Norwe, mrefu kuliko mlango wa jiko letu. Atakaa hapa kwetu Mafiga mpaka mwisho wa mwezi, ajifunze Kiswahili na mila za Waluguru. Amemwamkia mke wangu Theresia shikamoo, akaniamkia mimi, kisha akamwamkia na muuza mkaa, ambaye ni mdogo kwake. Jamaa kachanganyikiwa, kasahau kutaja bei.

Lakini hilo dogo. Kubwa alilisema Mwalimu Judith, aliyemleta kutoka chuoni, akiwa ameshainuka kuondoka. Mwezi wa tano chuo cha Marit kitamwalika mzee mmoja wa familia aende Norwe kuzungumza na wanafunzi. Tiketi juu yao. Marit mwenyewe ndiye atakayemtaja mzee huyo, kwa kufuata mila za watu aliokaa nao.

Mzee mmoja wa familia! Nimetazama kushoto, nimetazama kulia. Watoto wetu wako Dodoma. Nyumba hii ina mzee gani mwingine zaidi yangu mimi Paulo?

Theresia kaniambia nifunge mdomo, nzi wataingia.

Jumanne, 4 Februari

Nimenunua koti. La mtumba, lakini koti kweli: zito, la kijivu, kofia yake ina manyoya. Nikalipeleka mjini kwa mzee Hasanali, mwenye duka la vitambaa, ili fundi wake apunguze mikono. Hasanali akaniuliza kama nina malaria. Nikamjibu kwamba naenda Norwe.

Ukimwambia Hasanali neno asubuhi, mchana soko zima linalo. Nilipokuwa narudi nyumbani, mama anayeuza nyanya aliniagiza nimletee redio. Sasa hakuna kurudi nyuma. Ama niende Norwe, ama nihame Morogoro.

Alhamisi, 6 Februari

Tatizo ni jiko. Marit anashinda humo na Theresia. Wanachambua mchicha, wanakuna nazi, wanacheka vicheko ambavyo mimi sielezwi sababu yake. Leo kasonga ugali peke yake. Hatari! Hivi hivi atakuja kumtaja Theresia.

Nimechukua hatua. Nimeanzisha Darasa la Mila, sebuleni, mbali kabisa na jiko, mimi nikiwa kwenye kiti kikubwa. Nimeanza na ukoo. Nikamweleza kwamba kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lukolo, na shamba ni la ukoo huo. Nikamsimulia habari za marehemu mjomba wangu, kaka wa mama. Yeye ndiye aliyeamua nisome wapi. Yeye ndiye aliyenikataza binti wa kwanza niliyempenda, na yeye ndiye aliyepeleka posa kwa kina Theresia. Marit akauliza baba yangu alikuwa wapi wakati wote huo. Nikamwambia alikuwepo, pembeni, anakula. Kazi yake ilikuwa kutoa: akihitajika kuku, baba anatoa, ikihitajika nguo, baba anatoa. Tulicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Nikamalizia kwa kumweleza kwamba hayo ni mambo ya zamani, siku hizi baba ndiye kila kitu. Sina hakika kama hilo alilisikia. Theresia alikuwa ameita kutoka jikoni kwamba maandazi yameiva.

Jumapili, 9 Februari

Mazoezi ya baridi. Baada ya misa nimevaa koti, nikafungua friji, nikavuta kiti mbele yake ili mwili uanze kuzoea. Nikasinzia. Nilipoamka nilikuwa nimelowa jasho, barafu imeyeyuka hadi sakafuni, na samaki wa Theresia wananuka. Theresia aliniuliza kwa upole kama nataka anipeleke hospitali. Upole wake huo naujua. Afadhali angepiga kelele.

Na katikati ya vurugu hiyo akaingia shemeji yangu Andrea, kaka yake Theresia, kutoka Matombo. Kaleta mkungu wa ndizi na mdalasini. Kaingia na gambuti zake za shambani mpaka sebuleni, na hakuna aliyemwambia neno. Mimi nikiingia na kandambili tu nafokewa! Marit alikaa karibu naye mchana kutwa, akimuuliza habari za migomba. Watu wa nje bwana, hushangaa vitu vya ajabu. Andrea hajafika hata Dodoma.

Alipoliona koti alilipapasa mkono, akasema asubuhi za kule juu kwao lingemfaa sana. Nimelifungia kabatini.

Jumatano, 12 Februari

Nimeamka na akili mpya. Marit awe binti yangu rasmi, mbele ya mashahidi! Binti gani atamtaja mtu mwingine, amwache baba yake mzazi, yaani mlezi, akishangaa barabarani?

Nimetangaza wakati wa chakula kwamba Jumamosi tunapanda Matombo, kwa mama mkwe wangu Bibi Kristina, Marit apewe jina la nyumbani. Theresia akaniuliza kama nimelifikiria vizuri. Nikamjibu kwamba mimi ndiye kichwa cha nyumba hii. Akasema haya, akatoka nje kumpigia kaka yake simu. Nilimsikia anacheka sana. Nimefurahi kuona na yeye kalipenda wazo.

Jumamosi, 15 Februari

Matombo! Ile si barabara, ni adhabu. Gari la kukodi lilikwama kwenye tope, tukashuka kusukuma. Marit alisukuma kuliko mimi, kwa sababu nilikuwa nimevaa koti. Nililivaa makusudi, aone mtu aliye tayari kwa safari. Njiani nilimwonyesha migomba na michungwa kilima kizima, nikamwambia kwamba yote ile ni shamba letu. Dereva, kijana wa huko huko, alikohoa mpaka nikampa maji.

Kufika, likatokea jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu. Jina linatolewa ndani, na ndani yumo mama mkwe. Mimi na mama mkwe hatukai chumba kimoja. Tangu nioe sijawahi kumtazama usoni; ni heshima, na ni lazima. Kwa hiyo mimi, baba mtu, mwenye shughuli, nikawekewa kigoda nje, nyuma ya jiko, pamoja na kuku. Kuku mmoja alilala juu ya koti.

Siwezi kulalamika kuhusu chakula. Nililetewa sahani imejaa hadi pomoni. Nikala huku nimetega sikio. Nikamsikia Bibi Kristina anasema kwa Kiluguru, taratibu. Nikamsikia Andrea anajibu, kwa sauti nzito ambayo kwa kawaida hana. Kisha vigelegele! Nikasimama na paja la kuku mkononi, nikashangilia peke yangu.

Marit alitoka amefungwa kanga mpya, amepewa jina la marehemu mama yake Bibi Kristina, machozi yanamtiririka. Akaja moja kwa moja nyuma ya jiko, akapiga goti, akaniita Baba. Na mimi macho yalinilowa. Theresia anasema nililia. Ulikuwa moshi.

Basi. Nimeshinda. Nani mwingine aliyeitwa Baba leo?

Jumatatu, 17 Februari

Hasanali kaniuliza safari lini. Nimemwambia mwezi wa tano, bila wasiwasi. Nimemshauri afungue tawi Norwe, nitamwangalizia mahali.

Ijumaa, 21 Februari

Amemtaja Andrea.

Naandika tena, huenda nikaamini. Amemtaja Andrea!

Mwalimu Judith alikuja jioni. Nilikuwa nimevaa tai, hotuba ya kushukuru nimeishika kichwani. Marit akasimama, akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba sasa yeye ni mtoto wa Mama Theresia, wa ukoo wa Bibi Kristina, na kwa mila mzee wake ni Mjomba Andrea, aliyempokea mwenyewe kwenye ukoo kule ndani. Kisha akanigeukia mimi. Akasema anamshukuru Baba kuliko wote, maana bila Darasa la Mila asingejua kwamba mjomba ndiye mwenye kauli. Mwalimu Judith akapiga makofi. Mikono yangu nayo ikapiga, sikuituma.

Nikajikaza. Nikawaeleza kwamba hayo ni ya zamani, siku hizi baba ndiye kila kitu. Marit, kwa adabu zote, aliomba kufahamishwa kwa nini basi Jumamosi nilikula nyuma ya jiko.

Nalala bila kula. Roho inaniuma. Inaniuma kweli, si mchezo.

Alhamisi, 27 Februari

Marit kaondoka leo. Andrea alishuka kumsindikiza, na gambuti zake. Majirani walijaa uani. Mzee Hasanali naye alikuja, kashika mfuko wa visheti vya mgeni, na alitaka kujua kwa nini watu wanampongeza Andrea.

Marit aliaga mmoja mmoja. Aliponifikia, akasema Mjomba hana nguo za baridi. Alinitazama tu kwa yale macho ya kuku-akihitajika-baba-anatoa. Nilipogeuka, Theresia alikuwa ameshashika ufunguo wa kabati.

Lilimkaa vizuri. Hata mikono haikuhitaji kurekebishwa. Marit alinikumbatia, akalia tena, na leo hapakuwa na moshi.

Jumapili, 11 Mei 2025

Sikuandika kitu tangu Februari. Nilikuwa nimenuna.

Leo Andrea kapiga simu ya video kutoka Norwe. Nilikataa kuja, halafu nikachungulia begani kwa Theresia. Yuko na koti langu! Nyuma yake kuna mlima una theluji kileleni, pembeni yake wanafunzi, na Marit kavaa kanga juu ya sweta. Anasema wanampenda sana. Anasema amewaeleza habari zangu, jinsi shemeji alivyokaa nje na kuku, na wanafunzi wameomba waione picha yangu. Marit akachukua simu, akaniamkia, na kwa Kiswahili kilichoanza kupinda akaniambia kwamba Baba amemkosa sana. Nilitaka kumwambia ni yeye aliyenikosa, au mimi niliyemkosa yeye, lakini nikamwomba amwambie mjomba wake asikalie manyoya.

Baada ya simu nimekaa barazani peke yangu, nikafikiri kwa kina. Nimeona kosa langu lilipokuwa. Nilihangaika kuwa baba, kumbe mwenye kauli ni mjomba. Sasa, mimi si mjomba wa mtu? Dada yangu Catherine anaishi Mzumbe, ana chumba kitupu, na Mwalimu Judith anatafuta nyumba ya mwanafunzi wa Kanada, atakayekuja Agosti. Nimeshampigia Catherine. Amesema atafikiri. Nimeshampigia Mwalimu Judith na kumwambia Catherine amekubali.

Kisha nimepita kwa Hasanali, nikamweleza kwamba Norwe niliahirisha mwenyewe, naenda Kanada, ambako baridi yake ndiyo yenyewe. Akaniuliza nitavaa nini. Nikamwonyesha koti jipya la mtumba, jeusi, refu hadi magotini. Fundi ameshaanza kupunguza mikono.

Theresia ananikumbusha kwamba Catherine ana kaka mwingine, Emmanuel, ambaye ndiye mkubwa wetu. Najua. Lakini Emmanuel hana koti.