Jinsi Eloge Alivyoiwasha Nyumba ya Magurudumu Siku Alida Alipopelekwa Mboko

Nyamazeni kidogo, wauza ndagala wa mji wa Baraka. Tueni majembe, wakulima wa mihogo. Nawe mwenye pikipiki, zima, maana katika habari hii chombo chako ndicho kitakachoshindwa. Habari ni ya vita alivyopigana Eloge, mwenye mikono myeusi kwa mafuta, simba wa kituo cha magari, mtoto wa ukoo usiosahau ahadi hata inapokuwa na faida kuisahau. Na ahadi ilikuwa hii. Mama yake aliolewa kwa miguu, sufuria kichwani. Shangazi yake aliolewa juu ya lori la mihogo, akafika mweupe kwa unga kama mzuka. Basi Eloge aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba dada yake Alida hatapelekwa kwa mumewe akiwa ameshikilia mgongo wa dereva wa pikipiki. Alida ataketi kitini, mlango utafungwa, pazia litateremshwa.

Na kitini kweli, kwa kuwa Eloge alikuwa na nyumba ya magurudumu: gari lenye kitanda, beseni la kuoshea vyombo na mapazia ya maua, lililoachwa Uvira na msafiri mmoja aliyechoka na barabara zetu kabla barabara hazijachoka naye. Kuanzia Baraka hadi Mboko hapakuwa na gari jingine lililokuwa na kabati la vikombe. Ila kifua chake kilikuwa kibovu. Injini ilikohoa mlimani, ikakohoa tambarare, ikakohoa hata ilipokuwa imesimama, hadi Eloge akaagiza kutoka Uvira dawa aliyoijua: buji mpya nne, zile zinazotoa cheche ya kuchoma mafuta, pamoja na nyaya nne za kuzipelekea moto.

Asubuhi ya arusi ikafika, na pamoja nayo likafika jeshi la adui. Nicolas, mdogo wake bwana arusi, alikuwa ametoka Mboko alfajiri na wenzake wawili, kwa pikipiki tatu zilizofungwa riboni nyekundu, wapate kumbeba bibi arusi. Wakaziegesha ng'ambo ya njia, naye akaketi juu ya mojawapo, akaanza kutafuna muwa kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba muda ni mshirika wake.

"Shemeji," akaita, "kama moteri inakataa, sema tu. Sisi hatuko na haraka. Ni bibi arusi njo anangojewa."

Shujaa hajibizani na muwa. Eloge akafungua kifuniko cha injini, akainama, akashika kle, ile spana ya kufungulia buji, kama mkuki.

Sasa, wasikilizaji, kila fundi tangu yule wa kwanza ameachiwa sheria moja: ng'oa waya mmoja, weka waya mmoja, kisha uende kwa wa pili. Eloge aliijua sheria hiyo kama jina lake. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama Émilienne, shangazi yake, mwenye unga wa mihogo, mfungaji wa mizigo ya mabinti wote wa ukoo, mwanamke ambaye hata mbuzi wa jirani humpisha njiani.

"Eloge, mutoto wa kaka yangu," akasema, "nyumba binti anatokamo inatolewa vitu vyote, inafagiliwa, njo vipya vinaingia. Si ni vile tunafanyaka?"

"Ni vile, shangazi. Lakini hii ni moteri."

"Iko na kitanda?"

"Iko nacho."

"Iko na mapazia?"

"Iko nayo, shangazi."

"Basi ni nyumba. Toa vyote."

Nani atabishana na shangazi siku ya kumtoa binti? Majemadari wakubwa kuliko Eloge wamejaribu, na makaburi yao hayana alama. Aling'oa nyaya zote nne, akang'oa buji zote nne, nyeusi kama meno ya mvuta kiko. Bamama wanne wa korali ya kanisa, waliokuja kumwimbia bibi arusi, wakaingia na ndoo na sabuni. Walifuta tumbo la injini, wakaisugua delko, kile kikombe kinachogawa moto kwa zamu, wakaikausha kwa kitenge hadi ikang'aa kama kikombe cha altare.

Ndipo Eloge akazipandisha buji mpya, kwanza kwa ncha za vidole, polepole, kama anayemlaza mtoto, kisha kwa kle, hadi chuma kikakubali. Ile ya mwisho ilijificha nyuma kabisa, mahali asipopita mkono wala nuru, naye akaipata kwa kupapasa, shavu likiwa juu ya betri, akinong'ona maneno ambayo bamama wa korali walijifanya hawayasikii. Akaibuka na ngozi ya vidole viwili pungufu. Akachukua nyaya mpya. Akasimama.

Akaendelea kusimama.

Kwani delko ilikuwa na midomo minne inayofanana, na buji zilikuwa nne zinazofanana, na kati yao palikuwa na usafi mtupu. Hapakuwa na vumbi la kuonyesha, wala doa la mafuta la kushuhudia. Waya upi uende wapi, injini haikusema, na sabuni ilikuwa imekwisha kufuta ushahidi.

Alijaribu kwa kukisia. Akageuza ufunguo, na nyumba ya magurudumu ikatoa kishindo ambacho nusu ya mtaa ilikijibu kwa kulala kifudifudi, kwa kuwa watu wa Fizi, eneo letu lililozoea risasi, hawaulizi maswali sauti ya namna ile inapopita. Mzee mmoja alilala na kikombe chake cha chai mkononi bila kumwaga tone. Kisha wakainuka mmoja mmoja, wakapangusana mavumbi, wakachekana.

Nicolas alitoka nyuma ya pikipiki yake wa mwisho.

"Shemeji," akasema, akijikung'uta magoti, "hii ni ndoa ao ni vita? Niambie, nirudi nyumbani nichukue kofia ya chuma."

Jua lilikuwa limepanda. Nyuma ya pazia la gari Alida alikuwa ameketi, mafuta kichwani, mikono mapajani, tayari kupelekwa. Na kungoja kwake kulimchoma Eloge kuliko kicheko cha ng'ambo. Mtu akiapa, kisha dada yake akapanda pikipiki mbele ya macho yake, ataitwaje tena kaka?

Ndipo nuru ikamshukia. Nyaya za zamani! Zilikuwa zimepikwa na joto la injini miaka mingi, zikakauka, kila mmoja ukishika mkunjo wake kama mzee anavyoshika kiti chake kanisani. Ukiulaza mahali pake utalala wenyewe. Ukiulaza pa mwenzake utakataa. Zile ndizo zingemwonyesha njia.

"Shangazi, nyaya zile mbovu uliziweka wapi?"

Émilienne akanyoosha kidole bila haraka. Kando ya mlango ilikuwa mizigo minne ya bibi arusi: godoro, sufuria, vitenge, na mito. Kila mmoja ulikuwa umezungushwa waya mmoja mweusi, vichwa vyake vimechomekwa chini kwa ufundi. Katika ukoo ule kamba nzuri haitupwi.

Eloge akapiga hatua. Shangazi akapiga hatua kubwa zaidi, akasimama mbele ya godoro.

"Mzigo nimeufunga mi mwenyewe," akasema, na sauti yake ilishuka kama ngoma ya matanga. "Mzigo wa binti shangazi akiisha kuufunga, unafunguliwa kwa mume tu. Ukifunguliwa huku, binti atarudi huku. Unataka arudi?"

"Sitaki arudi, shangazi. Nataka aende. Na bila zile nyaya haendi."

"Basi atapanda pikipiki."

Ng'ambo ya njia, hata muwa ulinyamaza. Wakatazamana, damu moja, vichwa viwili vya jiwe, na hakuna aliyeona njia ya kupita katikati yao.

Ndipo pazia la maua likasogea kidogo, na sauti ya bibi arusi ikatoka, ndogo na kavu.

"Shangazi, kufungua si ni kuona ndani? Kama kamba inatoka na kitu hakionekane, nani amefungua?"

Émilienne alilifikiria jambo hilo. Alilizunguka kama anavyolizunguka gunia sokoni, akilibonyeza huku na huku akitafuta tundu. Hakuona tundu.

"Bamama," akasema hatimaye, "kumbatieni mizigo."

Na hapo, wasikilizaji, ndipo lilipotendeka lile ambalo Baraka haijaliona tena. Bamama wanne wa korali waliingia vitani, kila mmoja na mzigo wake. Wa godoro alilikumbatia kama mume aliyerudi kutoka migodini. Wa sufuria alibana kwa mikono na kidevu. Eloge akachomoa nyaya kwa upole, moja baada ya nyingine, na hakuna uzi wa kitenge wala kifuniko cha sufuria kilichochungulia nje.

Akalaza waya wa kwanza juu ya injini. Ukakataa. Akausogeza, ukalala, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Akaweka mpya juu ya njia ileile. Wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha akapanda, akagusa ufunguo kwa ncha ya kidole.

Haikukohoa. Ilinguruma kwa sauti moja, nzito na laini, hadi vikombe kabatini vikapiga makofi.

"Sasa fungeni mizigo," Eloge akasema. "Nyaya hizi hapa."

"Fundo la shangazi ni moja," akajibu Émilienne akipanda. "La pili ni la ndoa ya pili. Bamama, pandeni vilevile."

Ndivyo walivyokwenda hadi Mboko: Alida kitini, mlango umefungwa, pazia limeteremshwa, bamama wanne wamekumbatia mizigo wakiimba sauti zote nne bila mkono wa kupiga makofi, na nyuma yao pikipiki tatu za riboni nyekundu zikila vumbi. Walipofika, mama mkwe alitazama kwa mshangao wanawake wale wakishuka kwa kupapasa hatua, akauliza kama Baraka kamba zimekwisha.

Émilienne akajinyoosha.

"Kwetu," akasema, "binti tunayempenda, mizigo yake haifungwi kwa kamba. Inaletwa kifuani."

Mama mkwe alitazama mizigo ile, kisha akamfungulia Alida mikono. Nicolas, mwekundu kwa vumbi hadi kope, alifungua kinywa aseme ukweli, akamwona shangazi anamtazama, akakifunga.

Eloge alizima injini wakati huo tu, baada ya dada yake kukanyaga ardhi. Nyaya nne za zamani alizitundika juu ya kioo cha mbele, nazo zinaning'inia hapo hadi leo kama bendera zilizorudi na ushindi. Na siku hizi, familia ya Mboko ikimpeleka binti kwa mumewe, utawaona bamama wanne wamekumbatia mizigo isiyo na kamba njia nzima, wakitoka jasho kwa heshima. Na ukiwauliza desturi hiyo ilianza lini, watakuambia ni ya mababu.