Dakika Mbili Mbele ya Wataalamu

Jumatatu, 17 Mei 2021
Nimekubaliwa! Warsha ya utafiti mtandaoni: mambo ya kwanta ndani ya semi-conducteurs na supraconducteurs (aina za vipitishi vya umeme). Wengine wote ni wa chuo kikuu. Mimi ni wa sekondari, Ndosho, hapa Goma. Kwenye fomu nilijaza “mtafiti”. Si uongo. Natafuta.

Prof Cirimwami, mwalimu wetu wa fizikia, ametangaza: mwanafunzi wake atakayeuliza swali siku ya mwisho na kujibiwa atapewa ufunguo wa kabati la maabara. Ndani kuna voltimita. Nzima! Wivine naye amejiandikisha. Wa kwanza darasani, mwaka wa tatu mfululizo. Inatosha.

Jumatano, 19 Mei
Siku ya kwanza. Nimeandika kurasa kumi na moja, nimeelewa mstari mmoja: kuna metali ukizipoza sana, umeme hupita bila kizuizi. Wivine alielewa yote. Usoni ilionekana.

Mpango: yeye ana akili, mimi nitakuwa na adabu. Kwetu hakuna asemaye mbele ya wakubwa kabla ya kuwataja kwa vyeo vyao. Nimeorodhesha waandaaji kumi na wanne.

Ijumaa, 21 Mei
Mbele ya kioo sauti ilipotea. Nikajaribu salamu zangu mbele ya Shangazi Umi, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akasikiliza hadi jina la sita, akauliza: “Mutoto, unasalimia ao unauliza?” Nikamjibu swali linakuja. Akasema sombe itaiva kwanza.

Hajasoma fizikia.

Jumapili, 23 Mei
Jana jioni mlima wa volkano ulilipuka. Anga nyekundu, mji mzima barabarani. Tumetembea hadi mji wa Sake. Watu waliokoa watoto, magodoro, kuku. Mimi niliokoa orodha. Papa, baba yangu, aliuliza iko wapi sufuria niliyopewa kubeba. Swali zuri, fupi.

Lava haikufika kwetu, lakini ardhi inatetemeka bado. Tunabaki hapa, kwa Mama Julienne. Yeye ameshakimbia vita huko Masisi mara nne. Alitazama mizigo yetu, akacheka: watu wa Goma munafunga godoro kama munaenda harusini!

Ijumaa, 28 Mei
Siku ya mwisho. Mtandao unashika juu ya ukuta wa shule ya hapa Sake tu, na shule imejaa wakimbizi. Nilipanda na simu ya Papa. Macho mia mbili chini yangu. Mwenyekiti wa warsha akanipa dakika mbili.

Sikuzimia! Nilimsalimu mwenyekiti, makamu wake, katibu, mfadhili, mkalimani (hakukuwa na mkalimani). Kwa mtu wa tisa ardhi ikatikisika. Niliendelea. Mwenyekiti akanishukuru kwa ujumbe wangu mzuri. Akasema muda umekwisha.

Chini, Mama Julienne akapiga makofi, akauliza kama mutoto huyu anatafuta kura.

Kisha Wivine, aliyekimbilia Bukavu. Hata “jambo” hakusema! Aliuliza kwa pumzi moja: metali ile ikipata joto kidogo, nini kinavunjika ndani yake? Wakamjibu dakika kumi, wakitabasamu.

Jumamosi, 29 Mei
Prof Cirimwami ameandika: shule ikifunguliwa, ufunguo ni wa Wivine.

Nimetafakari asubuhi yote. Kosa nimeliona. Nilimtaja katibu kabla ya mfadhili! Ndiyo maana walinikata. Pia sikuwasalimu wake zao. Nimerekebisha orodha, sasa ni watu ishirini na wanane, na nimemwomba mwenyekiti kwa barua dakika tano za nyongeza.

Swali lenyewe bado sijalitunga.