Mjomba, Taa ya Breki na Bibi Harusi

Jumapili, 3 Agosti 2025

Ushindi! Ushindi mtupu! Kikao cha harusi kimefanyika Mlali, nyumbani kwa mdogo wangu Mwaisha, na nimetoka na heshima yangu nzima. Binti yake, Shakila, anaolewa Jumamosi. Atakayemtoa Mlali mpaka ukumbini mjini ni mimi, mjomba wake, kwa gari langu mwenyewe!

Hafidhi alijaribu kunipiku. Huyu ni baba mdogo wa Shakila, na ana gari jipya jeupe analolifuta kila baada ya swala. Eti gari lake lina kiyoyozi. Nikamkumbusha kwamba sisi ni Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na wa kumshika mkono akitoka nyumbani ni mjomba. Kiyoyozi hakina ukoo! Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Hafidhi akanywa maji.

Wakati wa kurudi, Sangasanga, nikakata kulia kuingia barabara kuu. Taa ikawaka kwenye dashibodi. Ya njano, imeandikwa ABS, mambo ya breki. Gari langu lina miaka ishirini na sita, sawasawa na Shakila, na halijawahi kunisemesha namna hiyo. Nikaipiga dashibodi kofi. Ikazimika! Mke wangu Sabra aliiona. Nimemwambia lilikuwa linasalimia tu.

Jumatatu, 4 Agosti

Sabra amemwambia Mwaisha. Kwa simu, kabla hata ya chai! Mwaisha akanipigia akiwa amepandwa na jazba. Breki ni breki, anasema, na mwanawe hapandi gari linalowaka taa ya breki. Nimejitetea mpaka salio likaisha. Tumekubaliana hivi: Ijumaa gari litakaguliwa. Likionekana na kasoro, Shakila anapanda la Hafidhi. Na mkaguzi ni nani? Hafidhi! Fisi amekabidhiwa bucha.

Sina wasiwasi. Nimefunga duka langu la magodoro na kuamua kuichunguza taa kisayansi. Daftari, kalamu, barabara. Safari ya kwanza kwenda Mlali: kimya. Kurudi, nilipokata kulia Sangasanga: ikawaka. Safari ya pili: kwenda kimya, kurudi ikawaka pale pale! Nimeshtuka kwa furaha. Jibu liko wazi kabisa. Gari langu limezoea kuangalia milima. Ukiipa mgongo milima ya Uluguru, linanuna.

Nimejaribu kurudi kutoka Mlali kinyumenyume ili liendelee kuiona. Trafiki hakunielewa.

Jumanne, 5 Agosti

Sabra amenilazimisha niende kwa fundi. Anaitwa Jesca, fundi umeme wa magari, ana kibanda upande wa Msamvu. Mwanamke mfupi, mpole, hana haraka. Nikamweleza nadharia ya milima. Akauliza taa inawaka nikikata upande gani. Nikamwambia kulia, lakini hilo si la msingi. Akasema hilo ndilo la msingi.

Kumbe kila tairi lina sensa yake, kijidude kinachohesabu mizunguko. Waya wake ukichakaa, usukani ukikatwa unavutika, hesabu inapotea na taa inawaka. Ikiwaka, breki za kawaida bado zipo. Kinachojizima ni ABS, ule msaada wa kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga ghafla. Akasema usikisie, baba, pima. Mmoja akate usukani, mwingine apime waya kwa mita ya umeme. Basi.

Nikasema nipimie basi! Akasema mpaka Ijumaa, maana ana magari ya watu wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yamepanga foleni. Nikamshukuru. Njiani nikajiuliza: nimsubiri wa nini? Ameshanifundisha kila kitu, tena kwa dakika kumi! Kuna watu wanakaa chuoni miaka mitatu.

Jumatano, 6 Agosti

Siku kubwa! Nimepiga jeki saa mbili asubuhi. Mbinu yangu ni ya hali ya juu: nihamishe sensa ya kushoto niiweke kulia, na ya kulia kushoto, nione kama ugonjwa utahama nayo. Hata Jesca hakuitaja hii!

Nilikuwa nimeshika sensa zote mbili pale Sabra aliponiita kula. Ugali na mlenda. Niliporudi, zilikuwa zimelala juu ya gunia, zinafanana kama mapacha. Ipi ya wapi? Nikazifunga. Nikaingiwa na shaka, nikazifungua, nikazigeuza. Nikaingiwa na shaka nyingine. Mara ya nne nikaamua kuziandika kwa chaki, na kwa haraka nikaandika KUSHOTO kwenye zote mbili.

Jioni nimewasha gari. Taa inawaka muda wote, ukikata kulia, ukikata kushoto, ukisimama. Sabra anasema nimeharibu. Simlaumu, hajui ufundi. Mwanzo ugonjwa ulikuwa unakuja na kuondoka, na sasa umetulia sehemu moja. Haya ni maendeleo!

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata dawa! Sijui kwa nini sikufikiria tangu Jumapili. Taa ndiyo tatizo? Taa iondoke!

Nimefungua dashibodi kwa bisibisi ya jikoni, nikakikuta kibalbu chake, nikaking'oa. Kidogo kama punje ya mtama, na kimenisumbua siku nne! Nimerudishia kila kitu. Skrubu nne zimebaki, watengenezaji walizidisha. Nimewasha gari: giza tupu. Nikacheza peke yangu uani. Nimempigia Mwaisha kumwambia gari limepona, na huyo mkaguzi wake aje hata na darubini.

Ijumaa, 8 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimefika Mlali mapema, kabla barabara haijajaa watu wa Nane Nane. Hafidhi alikuwa ananisubiri, kanzu nyeupe, miwani. Nikamkabidhi funguo kwa tabasamu. Aliuzungusha ufunguo nusu, bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, kisha zikazimika moja moja. Akauliza ya ABS iko wapi. Nikasema imepona. Akasema taa nzima huwaka kwanza kuonyesha ipo, ndipo huzimika. Isiyowaka kabisa imeng'olewa.

Alijulia wapi? Kwenye kitabu cha gari! Anasoma kitabu cha gari! Mtu mzima na familia yake!

Mwaisha akaniita Maneno. Si kaka. Maneno, jina tupu, mbele ya watu wanaomenya vitunguu vya pilau. Akasema nilikuwa tayari kumpakia mwanawe kwenye uongo. Shakila anapanda kwa Hafidhi, basi.

Nimeumia. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni kutoka Mlali mpaka barabarani mwaka ule mvua ilipokata njia, ana homa, ananitapikia shingoni, baba yake yuko safarini. Hafidhi alikuwa wapi? Nilikaa chini nyuma ya banda la kuku na sikuona aibu kufuta macho.

Ndipo Shakila mwenyewe akatoka ndani, hina mbichi mikononi, mikono ameinyanyua juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Akasema gari ni la kupima, si la kubishania. Fundi aitwe. Taa ikirudishwa na ikazimika kihalali, anapanda na mjomba wake. Hakuna aliyempinga, maana bibi harusi wa kesho hapingwi.

Jesca akaja kwa bodaboda na mita yake. Na nani alikaa kukata usukani? Hafidhi! Kulia, kushoto, kulia tena, jasho linamtiririka kwenye kanzu! Nilianza kupona papo hapo. Jesca akaukuta waya wa tairi la mbele kushoto umepasuka ganda pale unapojikunja. Akauunga, akaufunga kwa kibano cheusi cha plastiki usivutike. Akazirudisha sensa kila moja kwake, akasoma chaki yangu, akaifuta. Akarudisha balbu. Dakika arobaini. Taa ikawaka, ikazimika, na hata tulipokata kulia mara sita haikurudi.

Mwaisha ameniita kaka. Jesca amenishika mkono akasema nisiguse chochote. Akarudia. Nimeapa mbele ya watu wote.

Jumamosi, 9 Agosti, asubuhi

Siku ya siku! Gari linang'aa! Nimelifunga utepe mweupe na wa dhahabu, mbele na nyuma. Nilipoinama kufuta tairi nikakiona kile kibano cheusi cha Jesca. Kinatia doa. Gari zima limependeza, halafu pale kidude cheusi kama kwenye nguzo ya umeme! Nimekikata, nikaufunga waya kwa utepe wa dhahabu. Fundo zuri la kipepeo. Hii siyo kugusa, ni kupamba.

Jumamosi, jioni

Lazima niandike.

Shakila alikataa kukaa nyuma. Alisema anakaa mbele na mjomba. Mwaisha na Sabra wakakaa nyuma, wanapiga vigelegele mpaka masikio yangu yakaziba. Hafidhi nyuma yetu na gari lake jeupe, kiyoyozi chote kikipuliza viti vitupu! Nikaendesha polepole kama ninabeba mayai. Watu wa Mlali wamesimama kando ya barabara, wanapunga. Sijawahi kuwa mrefu vile nikiwa nimekaa.

Sangasanga nikakata kulia. Ikawaka.

Ya njano, kubwa, haina haya. Mwaisha angeinua shingo tu, angeiona. Angemshusha mwanawe pale pale barabarani, na shela lake, akampandisha kwa Hafidhi. Nikamtazama Shakila. Na yeye alikuwa anaitazama taa.

Hakunitazama. Akalichukua shada lake la maua, akanyoosha mkono taratibu, akaliegemeza juu ya dashibodi mbele yangu, likaifunika ile taa. Mama yake akauliza maua yanafanya nini huko. Shakila akajibu kwamba mapajani yanapata joto, yatanyauka. Sauti kavu kabisa, macho mbele! Uongo safi, umenyooka, hauna hata kona moja. Nikajua huyu ni wa ukoo wetu.

Hata mwendo sikuuona tena, shada lilifunika na mshale wa spidi. Nilikwenda taratibu, breki nazikanyaga kwa adabu, na zilikamata vizuri. Ukumbini nikamfungulia mlango, nikamshika mkono wenye hina, nikamtembeza mpaka ndani. Akaninong'oneza kwamba Jumatatu nimpelekee Jesca gari, nimuahidi. Nikamuahidi. Akanibusu mkono, na mimi nikalia mbele ya kamera ya watu.

Jumapili, 10 Agosti

Jesca amepiga simu asubuhi kuuliza taa. Nimemwambia haionekani kabisa. Amefurahi sana. Akasema nipite kesho akague, bure, na nikasema nitaangalia ratiba yangu.

Kesho! Kwa nini nimsumbue mtu ambaye ana foleni? Nimeshapita sokoni nikanunua maua ya plastiki. Hayanyauki, hayahitaji mita, na yanakaa vizuri juu ya dashibodi kwa gundi. Sabra ameniuliza ni ya nini, nimemwambia ni kumbukumbu ya harusi.

Mchana huu imewaka na taa nyingine, nyekundu, ina picha ya kopo la mafuta linalodondosha tone. Haina shida. Nilichukua shada kubwa.