Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Kuthibitisha Vimbunga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa masikitiko makubwa amepata udhuru na kuniagiza nijikaribishe mwenyewe. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi. Katibu wa kamati hiyohiyo, ambaye ni shemeji yangu na yuko njiani. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wa wakuu na wanaowakaimu makaimu. Viongozi wetu wa dini. Wazee wetu, mama zetu, vijana. Nanyi wakazi wa bondeni mliokuja na magodoro, ingawa kadi ya mwaliko haikutaja magodoro. Itifaki imezingatiwa, na ambaye hakuzingatiwa ajizingatie. (Makofi, safu ya mbele.)

Nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, ili kuzindua Kituo cha Kisasa cha Kidijitali cha Kuthibitisha Vimbunga, kituo ambacho mchakato wake ulianza miaka miwili iliyopita kwa semina kumi na nne, wokshopu tisa na ripoti ya fizibiliti yenye kurasa mia tatu, ambapo mahudhurio yalifikia asilimia mia moja na kumi na mbili, kwa kuwa chakula kilikuwepo. Na katika kipindi hicho chote, ndugu zangu, hakuna kimbunga hata kimoja kilichopita hapa bila Kituo kuwa na taarifa, kwa sababu hakuna kilichopita. (Kicheko. Sauti: "Kinapita leo!")

Hiyo sauti ndiyo inanifikisha kwenye jambo linalonikera. Kuna kikundi kinajiita Macho Mawinguni. Hawana cheti, hawana muhuri, hawana hata kiti cha kuzunguka. Hukusanyika katika chumba cha mama fundi cherehani, kule barabara ya juu, katikati ya sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Kipimo cha hewa cha mwalimu mstaafu wa jiografia kimetundikwa kwenye msumari mmoja na futi kamba, na njia ya mawingu ya baharini inachorwa kwa chaki ya kukatia nguo kwenye karatasi la kaki. Kwa siku kumi watu wazima hawa, wengine wana wajukuu, wamegombana hadi kununiana juu ya wingu lililo maili mia saba kutoka hapa: litakua, halitakua, limeanza kuzunguka, halijaanza. Mimi nawauliza, ndugu zangu, wingu la mwenzio linakuhusu nini?

Jumatatu mwalimu akawatangazia kwenye kundi lao la simu kwamba uwezekano wa wingu hilo kuwa kimbunga ni asilimia arobaini. Mimi nimesoma, na walionisomesha wapo. Arobaini ni kufeli. Nikajiuliza, kimbunga kilichofeli kinatutisha kwa lipi? (Mwalimu mstaafu, akisimama: "Mheshimiwa, sio mtihani huo! Na asubuhi hii imefika tisini.") Nakushukuru kwa taarifa, mwalimu, ila kiumbe kinachotoka arobaini hadi tisini kwa siku tatu bila kurudia darasa, huo ni udanganyifu, na nitaunda tume. (Mabati ya paa la ukumbi yanagonga. Bango la uzinduzi linang'oka upande mmoja.) Lishikeni bango hilo tafadhali, lina picha yangu.

Sasa nasikia mnataka shule ya mlimani ifunguliwe mlale huko. Ufunguo ninao, huu hapa, mnauona, na hakuna kitu ningependa zaidi ya kuutumia. Lakini shule inafunguliwa kwa barua, barua inatoka Kituoni, na Kituo hakijathibitisha. (Mwanamke, akilia: "Baba, mkwe wangu ana mimba ya miezi tisa! Mwaka juzi, kwa mvua tu, maji yalifika dirishani. Tupe huo ufunguo tu!") Mama yangu, uchungu wako nauelewa na umeingizwa kwenye kumbukumbu za kikao, lakini haraka haraka haina baraka. (Sauti nyingi: "Na ngoja ngoja huumiza matumbo!") Methali zote mbili zitajadiliwa na kamati ndogo.

(Mama fundi cherehani anapanda juu ya benchi: "Jamani, tumekaa vya kutosha. Mlinzi wa shule amekubali kufuli livunjwe. Wenye watoto na wagonjwa watangulie, twendeni!" Viti vinaburuzwa. Magodoro yanapanda vichwani.)

Naona mmesimama kwa heshima. Si lazima, kaeni tu, hotuba imebaki kurasa sita. Basi, kwa kuwa mnaendelea kusimama, na wengine mmesimama hadi nje ya mlango, niruke hadi kwenye kaulimbiu. Kituo hoyee! (Godoro linakwama mlangoni, linasukumwa.) Wingu letu, ithibati yetu! (Mtu mmoja: "Pisha njia, mzee.") Bila muhuri, hakuna mvua! (Mvua inaanza.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru shemeji yangu, ambaye banda lake la kuku, likipigwa picha kutoka mbali, limekuwa jengo la Kituo katika ripoti zote. Namshukuru mke wangu kwa dishi la televisheni, ambalo katika ripoti hizohizo ndilo rada yetu. Nawashukuru ninyi wakazi kwa kutouliza, miaka miwili mizima, kiwanja kiko wapi, maana ningelazimika kukitafuta. Na Macho Mawinguni, nawashukuru kuliko wote, kwa kuwa taarifa za hali ya hewa nilizosaini kila asubuhi zilikuwa zenu, mimi nikifuta tu jina la fundi na kugonga muhuri. Yule mwanachama wa kundi lenu la simu mwenye picha ya ua, asiyeandika kitu, ni mimi. (Hakuna anayegeuka.)

Ndugu zangu, msiondoke kwanza. Hili halimo kwenye karatasi. Mama yangu mzazi alikataa kuhamia kwangu, yumo kwenye nyumba yetu ya zamani huko bondeni, na miguu haimbebi tena. Jana alinipigia akauliza kama ahame. Nikamwambia atulie, Kituo hakijathibitisha. Mama alinicheka, sikuelewa kwa nini. Jamani, naogopa. Kwa heshima na taadhima, naomba watu wanne wenye nguvu, tushuke wote, mimi nitatangulia. Ufunguo huu hapa, chukueni. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mama fundi cherehani, kutoka mlangoni: "Mama yako yuko kwangu tangu alfajiri, mheshimiwa. Alisema tusikungoje.")